Taa Nyekundu Iliyokataa Kuzimika

Kabla ya kuingia kwenye mambo ya elektroniki, nilihudumia wazee miaka sita katika nyumba moja ya kulelea wazee huku ughaibuni, kule Apple Valley. Nilisoma chuo jioni jioni mpaka nikapata cheti, na kampuni ndogo ya Saint Paul inayotengeneza mota za vitanda vya hospitali ikanichukua. Siku yangu ya tatu, msimamizi aliniletea bodi mpya ya majaribio, ndogo kama kiganja, yenye chipu ya kuendesha mota.

"Iwashe, mota izunguke. Saa tano utatuonyesha sote," akasema.

Meza ilikuwa mpya, sikutaka kuikwaruza. Nikachukua kifuniko cha kopo la biskuti, nikaiweka bodi juu yake. Nikaunganisha mota, nikawasha umeme. Mota ilishtuka kidogo, ikanyamaza. Pembeni mwa bodi taa nyekundu ikaanza kumweka: mbili, kimya, mbili, kimya.

Kijitabu cha maelezo kilisema wazi: ikimweka mara moja ni joto, mara mbili ni shoti, mara tatu umeme ni hafifu. Chipu ikigundua hitilafu hujizima isije ikaungua, halafu hujaribu tena. Nilisoma, nikaelewa, nikakataa kuamini. Shoti itoke wapi, na waya zenyewe ni nne tu? Nikabadilisha waya. Nikabadilisha mota. Mbili, kimya. Jasho lilinitoka, na nje theluji ilikuwa imefika magotini. Nikaanza kujiuliza kama kule kwa wazee nafasi yangu bado ipo.

Jirani yangu wa meza alikuwa mzee wa Bukavu, fundi redio tangu kwao. Tulikuwa hatujavuka salamu.

"Mama, iko nini?"

"Nimeiunguza, mzee. Nime-check kila kitu, na taa haizimiki."

"Kama iliungua, ingekusemesha? Inasema nini?"

"Inasema shoti. Lakini inadanganya."

"Apana, mama. Wacha nione chini."

Akaiinua. Taa ikazimika na mota ikanguruma, ikazunguka kama iliyokuwa ikingoja ruhusa. Mzee nusura aiangushe. Akaishusha juu ya kifuniko: nyekundu. Akaiinua: ikazunguka.

"Bati!" nikapiga kelele. Ncha za mota chini ya bodi zilikuwa zikigusana kupitia kile kifuniko changu cha biskuti.

Mzee akatia mkono kwenye boksi iliyokuja na bodi, akatoa kifuko chenye miguu minne ya plastiki ya kuiinulia. "Na hii ulitaka kumvalisha nani?"

Tulicheka mpaka watu wa meza za mbali wakageuka. Saa tano ilipofika nilisema ukweli wote, pamoja na biskuti. Nilidhani msimamizi atakunja uso. Badala yake aliniomba niirudishe bodi juu ya bati mbele ya wote, mara tatu, kwa sababu alikuwa akitafuta njia ya kuonyesha kwamba ulinzi wa chipu unafanya kazi kweli. Kila taa ilipowaka, watu walishangilia.

Mchana mzee alinigawia sombe lake, yaani majani ya muhogo, lenye mawese. Nilikuwa sijawahi kulionja.

"Kwenu Kenya munakulaka nini yenye nguvu?" akauliza.

"Ugali."

"Na sisi tuko nao," akasema, akafunua bakuli la pili.