Kuchunga Kompyuta Isilale

Enzi zetu, kabla simu hazijaingia kila mfuko, nyumba yetu ya Ahero ilikuwa na kompyuta moja, ile ya skrini yenye kisogo, na mimi ndiye niliyeichunga isilale. Mliokuwa nayo kwenu mnaijua shida yenyewe. Ukiiacha kidogo, skrini ilijizima ili kupunguza stima. Ukiiamsha, ilirudi na wazimu: mistari ya pinki na kijani, herufi zimeliwa kama maharagwe yaliyoingiwa na wadudu.

Tulijaribu dawa zote. Baba aliichapa kofi kisogoni. Mama alipangusa kioo na spiriti. Kaka yangu Otis alichomoa nyaya zote akazirudisha kwa mpango aliouita wa kisayansi, tukakosa hata ile mistari. Dani, mama yake Baba, aliitazama ile mistari ya rangi kwa heshima akauliza hicho kitambaa kinauzwa soko gani, la Awasi ama Kisumu. Kilichosaidia ni kuzima kompyuta yote na kuiwasha upya, na hapo kila kitu ambacho Baba hakuwa amehifadhi kilipotea. Baba alikuwa katibu wa kanisa. Kuhifadhi alikumbuka tu akiona mistari.

Otis alimwambia aiondolee hiyo tabia ya kujizima. "Stima si maji ya ziwa," Baba akasema, ikaisha hapo. Kwa hivyo akienda kunywa chai aliniita, "Nyathina," yaani mwanangu, "kaa hapa. Usiiache isinzie." Nami nikakaa nikitikisa mausi, vile binamu zangu walivyofukuza ndege kwenye mpunga. Kwamba kuitikisa pia kunakula stima, hakuna aliyethubutu kumwambia.

Niseme ukweli, niliipenda hiyo kazi kwa sababu ya wageni. Mimi niliogopa watu. Kwetu mtoto alisalimia kila mgeni kwa mkono, akiulizwa yuko darasa gani, alikuwa namba ngapi, mbona amekonda. Lakini anayechunga kompyuta hakusumbuliwa. Walinipungia kutoka mlangoni, nami nikainamisha kichwa kama daktari aliye katikati ya upasuaji.

Sasa, Jumamosi moja akina mama wa kanisa walikuwa waje, na asubuhi hiyo hiyo Anko Ouko, ndugu yake Mama, akatokea Kisian na bisibisi. Akaifungua kompyuta, akachomoa kadi iliyojaa vumbi.

"Shemeji, skrini haina makosa," akamwambia Baba. "Ni hii kadi inayochora picha. Imezeeka. Ikiamshwa haikumbuki ilikuwa inachora nini."

"Hata mimi niko hivyo," Dani akasema.

Anko akaweka nyingine, aliyoitoa kwa kompyuta iliyokufa. Tukangoja skrini ilale. Moyoni nilikuwa naomba mistari irudi. Ikaamka safi, kama imetoka kuoga.

Mara nikasikia kicheko cha wale mama langoni. Nikasimama, nikapangusa mikono kwa rinda, nikaanza kupanga majibu ya darasa na namba. Mama akapita na themosi. Akanitazama, akaitazama skrini.

"Wewe unaenda wapi? Nani atachunga?"

"Mama, imepona."

"Mgonjwa aliyepona leo haachwi peke yake." Kisha akawageukia wageni. "Huyo mumwache, yuko kazini."

Otis alifungua mdomo. Mama akampa sinia ya mandazi azungushe, akaulizwa namba hata ya muhula uliopita. Mimi nikakaa nikitikisa mausi ya kompyuta isiyougua chochote.

Watoto wa siku hizi, kama mdogo wetu wa gredi ya nne, wanasalimia wageni bila kutoa macho kwa simu, na hakuna anayewauliza kisingizio. Hawaijui raha ya kujificha kwa ruhusa. Ile kompyuta iko stoo, kuku analalia kisogo chake. Mimi niko kidato cha tatu sasa, na wageni wakija nasalimia wote kwa mkono mpaka wa mwisho. Lakini jicho huwa linakimbilia ile kona, na sikio linangoja mtu aseme, "Nyathina, kaa hapa." Konani kuna mtungi wa maji tu, na maji hayahitaji kuamshwa.