Programu ya Kuzuia Siri na Nyanya za Mama Nzowa

Nichekeni tu jamani, maana mwenyewe nimeshajicheka mpaka basi, ila siku ile hapa Tunduma natamani ingefutika kwenye vichwa vya watu wote.

Bosi wetu wa ofisi ya kugomboa mizigo alichoka kuona nyaraka za wateja zikiibukia kwa washindani, akanunua programu ya kuzuia mafaili yasitoke nje ya kompyuta zetu, akanikabidhi mimi fundi wake (fundi wa kujiita). Ukurasa wa kwanza wa maelekezo ulisema wazi kompyuta iweje: RAM isipungue GB nane, na diski iwe na nafasi ya kutosha. Za kwetu ni mitumba, RAM yake haifiki hata nusu, nami nilijua, lakini kilipotokea kitufe cha "endelea hata hivyo" nikaendelea, tena kwenye kompyuta zote kwa mpigo, tena asubuhi foleni ya malori imefika mbali, eti bosi anione nachapa kazi.

Zikaganda zote.

Akaingia Mama Nzowa, mkulima wa Mbozi, ambaye fuso lake la nyanya lilikuwa juani likisubiri karatasi zetu ziende kwa wakala mwenzetu wa Nakonde, upande wa Zambia. "Mwanangu, zinaanza kutoa maji," akaniambia kwa upole, nikatamani angenitukana. Nikazima, nikawasha (na sala fupi nikasali), hatimaye kompyuta moja ikafungua karatasi zake, nikabonyeza tuma, ikaja alama nyekundu: hairuhusiwi kutoka nje. Nakonde, ambako mchana tunavuka kwenda kula nshima, ugali wao, programu inapaona ni nje! Kuchapa ikakataa. Nikajaribu kuiondoa, ikaganda palepale, karatasi zikiwa wazi kwenye skrini. Wakala wa Nakonde akapiga simu: "Awe, hapana, huku hakijafika kitu!"

Mama Nzowa akatoa simu yake, akaipiga picha ile skrini, akaituma Nakonde, ikafika papo hapo. Bahati mbaya kidole kikateleza, akaituma na kwenye grupu la wafanyabiashara wa mpakani, na pembeni ya picha nipo mimi, jasho linanitiririka, mikono kichwani. Bosi akatoka chumbani kwake na simu mkononi. "Nimenunua programu siri zisitoke, sasa washindani wote wanazisoma grupuni!" Madereva wakaangua kicheko, mimi nikataka kulia.

Fuso lilikuwa limekosa zamu kwenye foleni, likavuka jioni, nyanya za chini zimeshaharibika. Kabla hajaondoka, Mama Nzowa akaniletea ndoo ya zilizopondeka. "Kaungie mboga, mwanangu, kukosea ni kwa wote." Hasara ni yake, halafu ananifariji mimi! Nilizipika, nikala kwa aibu.

Siku hizi hata ukiniletea simu nikuwekee kitu kidogo tu, nasoma kwanza kinahitaji nini, nakagua kama simu yenyewe inakimudu, ndipo naigusa. Wanasema najivuta. Acha nijivute, kuliko kupewa tena nyanya na mtu niliyemtia hasara.