Marakuja, Mdudu wa Kunuka na Wigi ya Mama Furaha

Afadhali mnisikie mimi mwenyewe kabla ya watu wa Munigi, maana wao wanaongeza chumvi, na aibu yangu haihitaji chumvi.

Mimi ni mwalimu wa biolojia. Siku ya wazazi, prefe, mkuu wa shule yetu, aliniomba nitoe somo mbele yao, nikachagua kulinganisha mmarakuja, ule mmea wa pasheni, na mdudu wa kunuka, yule mwenye mgongo kama ngao, anayefyonza matunda ya mmarakuja huohuo. Ningechora ubaoni, ingetosha! Lakini mama wa mchumba wangu Furaha alikuwa anakuja pamoja na Furaha mwenyewe (kitinda mimba wa mama huyo anasoma kwetu), nikataka anione mkwe wa maana, basi nikakata tawi refu la mmarakuja uani, nikajaza wadudu ndani ya kopo la maziwa ya unga.

Somo lilianza vizuri. Nikaonyesha mmea unavyotoa vikono vyembamba kama nyuzi na kujisokota kwenye chochote unachokuta, nikasema: huu unashika ili uishi, mdudu anafukuza ili aishi. Wakapiga makofi. Kichwa kikavimba, nikafungua kopo wazione ngao kwa karibu.

Wadudu wakaruka wote. Mmoja akaingia ndani ya kola ya mama Furaha, naye akampiga kofi (mdudu huyo usimponde kamwe!), harufu ikajaa darasa.

"Mwalimu, toa iyi kitu! Toa!"

Nikamkimbilia na tawi bado mkononi, vikono vikanasa wigi yake, na mimi, badala ya kusimama, nikavuta. Wigi ikaja. Darasa likaangua kicheko, watoto wakapanda juu ya mabenchi, na mama wa watu akabaki amefunika mvi zake kwa mikono miwili.

"Mama, pardon," nikasema. Furaha akavua kitambaa chake, akamfunga mama yake kichwani polepole, kisha akanigeukia.

"Furaha, ilikuwa bahati mbaya."

"Wadudu, sawa. Wigi, sawa. Lakini ulikuwa unacheka."

Na kweli, ndugu zangu, nilikuwa nacheka. Woga ukinishika, mdomo wangu unacheka wenyewe, na hilo nani ataliamini?

Familia yao ikaleta neno kwamba mazungumzo ya mahari yamesimama. Hayajaanza tena, na Furaha hashiki simu yangu.

Sitaingiza tena kitu chenye uhai darasani. Nachora kwa chaki. Na mtu akinitajia jina la Furaha, kwanza naziba mdomo kwa mkono.