Gari Lililokuja na Erasmo

Gertruda wa Matiri hakuwa mtu wa kudanganywa ovyo. Wanunuzi wa kahawa wenye mizani za ujanja walimjua. Wakifika kwake walisalimia tu na kuendelea na safari. Lakini mwana ni mwana. Kwake macho ya mama huingia ukungu, na Erasmo alilijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote.

Erasmo, mwanaye wa pekee, alikwenda Malawi akiwa kijana, akaoa huko, akazaa huko, na miaka ikapita mama akimsikia kwenye simu tu. Mwaka juzi akatokea bila taarifa, na Hilux nyeupe yenye namba za Malawi, nyuma imejaa magodoro.

"Shikamoo, mama. Safari hii nimerudi moja kwa moja. Mke na watoto watafuata shule zikifungwa."

Gertruda alipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Jumapili akatoa shukrani kanisani, jogoo mkononi. Kisha akafanya jambo ambalo majirani hawakuliamini: akaikata kahawa ya kando ya barabara, mibuni aliyoipanda pamoja na marehemu mumewe, ili mwanaye apate kiwanja. Mmatengo wa milima hii hakati kahawa hivi hivi. Alipoinua panga alijiambia kahawa hupandwa tena.

Gari nalo lilikuwa na shida yake. Mpakani lilipewa kibali cha muda, na kibali kikiisha ni kulipa ushuru au kulirudisha lilikotoka. Ila anayehamia nyumbani kabisa na gari alilokuwa akilitumia husamehewa ushuru, mradi ithibitike kwamba amehama kweli. Erasmo akampeleka mama yake kwa mwenyekiti wa kijiji, kisha Mbinga mjini. Kote huko Gertruda alisema lile lile, kifua mbele: "Huyu ni mwanangu. Amerudi. Nimemkatia hadi kahawa." Nani angebisha? Hata karani aliyekuwa amenuna tangu asubuhi alitabasamu.

Namba za Tanzania zikatoka. Wiki hiyo hiyo Erasmo akaaga kwamba anakwenda Songea kutafuta bati. Hakurudi, na simu yake ikawa haipatikani.

Mama akahofia ajali. Alisali, akaulizia hospitali, akashindwa hata kula. Siku moja akaiona ile Hilux inapanda mlima, akaikimbilia barabarani, kanga inamdondoka. Aliyeshuka ni Mansuetus, mwenye malori ya makaa ya mawe kule Ngaka.

"Shikamoo, mama. Erasmo ameshawafikia wanawe? Aliponiuzia gari nilimsindikiza mwenyewe hadi Mbamba Bay, akapanda boti ya Malawi." Akamtazama usoni, sauti ikapungua. "Kwani hakukuambia?"

Gertruda alirudi akaketi katikati ya visiki. Alilia kwa uchungu, na kilichomuuma zaidi hakikuwa kahawa. Ni vile vigelegele. Kumbe siku ile yote alikuwa analipokea gari.

Haukupita muda, Erasmo akapiga simu, mkavu kana kwamba wameachana jana. "Mama, watu wa kodi wanaweza kufika hapo. Waambie niko shambani, nalala nyumbani kila siku."

"Na mkeo atakuja lini?"

"Hayo tutaongea, mama." Akakata.

Walburga, jirani yake, alimshauri amfiche. "Mtoto akikunyea mkono hukati mkono, Mama Erasmo."

Ni kweli, hukati. Lakini unanawa, na Gertruda alikuwa amechoka kunuka.

Afisa aliyekuja alikuwa binti mpole kutoka mkoa wa mbali, jina lake Herieth. Akakaribishwa kiti na chai. "Shikamoo, mama. Erasmo anaishi hapa?"

Mdomo wa Gertruda ulitaka kusema yuko shambani. Tangu Erasmo akiwa mdogo ulikuwa umezoea kumfichia makosa, na mazoea yana taabu. Alikunywa chai yake kwanza.

"Marahaba. Hapa haishi. Niliposema amerudi sikuwadanganya, mwanangu. Nilidanganywa."

Hilux ikazuiliwa. Mansuetus akamgeukia Erasmo kwa hasira, na Erasmo akampigia mama yake, akafoka mpaka Walburga akamsikia kutoka uani kwake.

"Umeniuza, mama! Mama mzazi kabisa, unamsaliti mtoto wako kwa serikali!"

Gertruda alingoja amalize. Alipojibu, sauti ilikuwa ya chini, imejaa machozi.

"Siku nyingine ukiwa na gari la kupitisha, Erasmo, niambie ni gari. Pengine hata hilo ningekusaidia. Usiniambie umerudi."