Masikio ya mkubwa wetu

Kwetu Katanga, ukimpa mtoto jina la marehemu, unampa na tabia zake. Mjukuu wangu, mimba imeshakuwa kubwa, alichagua jina la babu wa babu yangu, yule aliyeuza pembe za ndovu wakati Wazungu ndiyo wanaanza kuingia. Mimi nimemsifu huyo mzee huku kwa Wazungu, mtaa wetu wa Schaerbeek mzima, mpaka kanisani wamechoka.

Basi mjukuu akatafuta habari zake. Akanishikisha simu: picha ya zamani, watu wamefungwa kamba shingoni, na mbele mwanaume anashika mwisho wa kamba. Chini wameandika jina lake na kijiji chetu.

"Kambo," akaniita, kama wajukuu wa kwetu wanavyoita wazee wao, "ni yeye?"

Masikio yalisimama nje kama ya baba yangu. Kama haya yangu.

"Ni yeye."

"Bon, haya, si ulisema pembe?"

"Ndivyo nilivyoambiwa, mama."

Akashika tumbo lake kwa mikono miwili, kama mtu anayefunga mlango.

Mtoto tulimpa jina la baba wa mama yangu, msuka vikapu. Hata hivyo, nikimwogesha, kitambaa kikifika masikioni, ninakipitisha haraka. Yanasimama nje.