Gesi Kwenye Gari la Kufundishia

Mke wangu ni fundi wa injini na mimi ni fundi wa nguo. Vyumba vyetu vya kazi vimetenganishwa na ukuta wa mabati tu, kwa hiyo yote yanayosemwa kwake nayasikia hata cherehani ikiwa inaunguruma. Nikisema kwamba mdogo wangu ndiye mteja msumbufu kuliko wote waliowahi kukanyaga gereji ile, nina ushahidi wa masikio yangu mwenyewe.

Mke wangu watu humwita Fundi, na hata mama yangu mzazi humwita hivyo hivyo. Kazi aliipata kwa mjomba wake, ambaye alimchukua ili amwoshee vyuma tu, akashtuka siku moja kumkuta msichana amefungua injini, ameifunga, na inawaka. Ana tabia inayowachosha wenye haraka zao: hagusi boneti kabla ya kuisikiliza injini. Husimama mkono kiunoni, amefumba jicho moja, huku mwenye gari akimweleza ugonjwa ambao sio. Akimaliza kusikiliza husema neno moja au mawili, basi. Sijawahi kumsikia akipaza sauti kwa mteja, na Mungu anajua wapo waliostahili.

Mdogo wangu yeye ni mwalimu wa udereva. Mwalimu, ndivyo mtaa unavyomwita, naye jina hilo limemlevya. Gari lake lina breki ya pili upande wa abiria na kibao chekundu cha mwanafunzi juu ya paa. Binti yetu alikuwa anajifunza humo kila jioni akitoka chuoni, na mama yake alikubali kwa sababu gari lile alikuwa analitengeneza mwenyewe, analijua kila msumari.

Sasa siku hiyo Mwalimu akaingia gereji anapiga mluzi.

"Shemeji, nataka unifungie gesi."

"Gesi ipi?"

"Naitrasi. Ile ya mbio. Unabonyeza tu, gari linapaa."

"Kwenye gari la kufundishia?"

"Jumapili halifundishi mtu. Tunakwenda kule kwenye uwanja wa zamani wa ndege, tuna kibali, kila mtu anakimbia peke yake. Usinitazame hivyo, shemeji. Hata mimi ni binadamu."

Akakataliwa. Akarudi kesho yake, akakataliwa tena. Akaenda kwa mama. Mama yangu, ambaye hajui rejeta ni kitu gani, akanipigia simu kuniuliza mke wangu ana ugomvi gani na mtoto wake. Nikamwambia mama, mtoto wako anataka kugeuza gari la wanafunzi kuwa roketi. Akanijibu kwamba tangu utoto nimekuwa na wivu. Nilikata kitambaa cha mteja vibaya siku ile kwa hasira.

Mwishowe Fundi akakubali, na sababu aliniambia tukiwa tunakula. "Nisipomfungia mimi, atakwenda kwa mtu atakayemfungia kwa nyaya mbili na kumtakia kila la heri. Na mwanangu anapanda gari hilo."

Basi akaifanya kazi ile kama anavyofanya kazi zake zote, polepole, na Mwalimu akihema mgongoni mwake. Kwanza akapima nguvu ya kila silinda, maana injini iliyochoka haibebi mzigo huo. Akachagua kipimo kidogo kabisa cha gesi. Mwalimu akalalamika kwamba hicho ni cha watoto.

"Shemeji, nisikilize," akamwambia. "Hii gesi si mafuta. Inaleta hewa ya kuchomea. Ikiingia, lazima petroli nayo iongezeke papo hapo. Petroli ikipungua, moto unakuwa mkali mno na pistoni inayeyuka. Umenielewa?"

"Nimekuelewa. Sasa kile kikubwa kinaongeza kasi kiasi gani?"

Akafunga plagi zinazohimili joto hilo, akachelewesha cheche kidogo, akafunga mtungi kwenye buti kwa mikanda ya chuma na kuuwekea bomba la usalama linalotokea nje, ili presha ikizidi gesi isimwagike walipo watu. Siku moja alimkuta Mwalimu anataka kuupasha mtungi moto kwa jiko ili presha ipande, akampokonya lile jiko na kulifungia stoo. Ila lililomchukua muda zaidi ni swichi. Kitufe cha Mwalimu peke yake hakikuweza kufungua gesi. Ilitakiwa mguu uwe umekanyaga mafuta mpaka chini, na injini iwe tayari inazunguka kwa kasi.

"Kwa nini unanifunga mikono hivi?" Mwalimu akauliza.

"Kwa sababu injini ikiwa inazunguka polepole, gesi na petroli zinajaa kwenye njia ya hewa. Cheche ikirudi nyuma, panalipuka palepale mbele yako."

Sharti la mwisho lilikuwa mtungi kulala gereji. Mwalimu angeuchukua Jumapili asubuhi na kuurudisha jioni, na siku za mafunzo usiwe garini kabisa. Akaapa. Mdogo wangu anaapa kwa urahisi sana, tangu zamani.

Jumapili ya kwanza akarudi amenuna. Alikuwa wa mwisho, na kosa, kwa maelezo yake, lilikuwa la kitufe. Kilimlazimu aachie usukani ili akibonyeze, na akikibonyeza mapema kinamkatalia. Fundi akamwambia kinakataa kwa sababu kimefungwa kikatae. Maneno hayo yaliingilia sikio hili yakatokea lile. Katikati ya wiki, bila kumwambia mtu, akapeleka gari kwa fundi wa redio, akamwambia kwamba zile swichi nyingine ni urembo, azitoe, na waya wa gesi auunganishe na honi. Ndiyo, honi, ile ya katikati ya usukani! Ili abonyeze bila kuachia usukani. Na honi yenyewe ikanyamazishwa kabisa, kwa kuwa uwanjani, alisema, hakuna wa kumpigia.

Jumapili ya pili akamshinda mtu mmoja. Furaha ikamzidi, mtungi haukurudi. Jumatatu Fundi akampigia simu.

"Mtungi uko wapi?"

"Nitauleta kesho, shemeji. Koki yake nimeifunga, usiwe na wasiwasi."

Hakuwa ameifunga.

Jioni hiyo binti yetu alikuwa anaendesha kwenye njia nyembamba nyuma ya maghala ya jirani na gereji, mwendo wa kutambaa. Mbele yake kulikuwa na mzee anasukuma mkokoteni wa magodoro, wala hasikii gari nyuma. Mwalimu, aliyepaswa kuwa na mguu juu ya breki yake, alikuwa anamsimulia mtu kwa simu jinsi alivyoshinda. Mwanangu akafanya alivyofundishwa: akapiga honi. Kimya. Akabonyeza tena, kwa nguvu, akashikilia. Gari likaruka mbele kumwelekea mzee. Mwanangu alikanyaga breki kwa miguu yote miwili, likasimama limegusa magodoro, kisha pakapasuka mlio uliosikika mpaka kwangu kwenye cherehani.

Tulifika tunakimbia. Boneti ilikuwa imebinuka, njia ya hewa ya injini imevunjika vipande, moshi umetanda. Mzee wa mkokoteni alikuwa amekaa juu ya magodoro yake, mzima, anatukana, na alikuwa na haki. Mke wangu alimshika binti yetu uso, mikono, mabega. Alipoona yuko salama akaenda kwenye buti, akafunga koki ya mtungi, ndipo akarudi mbele.

Mdogo wangu akamwambia, mbele ya watu wote, "Unaona, shemeji? Kazi yako imelipuka."

Nikamkamata kola. Fundi akaniambia nimwache. Akaufuata waya kwa kidole, kutoka kwenye vali ya gesi, kupita chini ya dashibodi, mpaka kwenye usukani.

"Nani kafunga hii?"

"Ni marekebisho madogo tu. Ningekwambia, lakini wewe hukubali kitu."

Binti yetu ndiye aliyesema. "Mama, mimi nilipiga honi tu. Nilipiga ili yule babu apishe. Kwa nini gari lilimwendea?"

Hapo mke wangu akapaza sauti. Kwa mara ya kwanza nilimsikia, na barabara nzima ikamsikia. Alimwambia Mwalimu mambo ambayo sitayaandika, akamalizia kwamba gereji yake asiikanyage tena, yeye na chochote chenye magurudumu. Kisha akakaa ukingoni mwa barabara. Nilikaa naye.

Binti yetu alimalizia kujifunza kwa mama yake, kwenye pikapu ya gereji, na leseni anayo. Anaendesha vizuri kuliko mimi. Ila honi hapigi. Mtu akisimama katikati ya njia, mwanangu anasimama, anashusha kioo, anatoa kichwa nje na kusema, "Samahani, naomba nipite." Nyuma yetu magari yanapiga kelele, mimi najificha uso, yeye anangoja tu mpaka apishwe. Mama yake amemwambia mara nyingi kwamba honi ya pikapu ni honi, haina kitu kingine. Anaitikia, "Najua, mama," na mkono hauendi.

Mdogo wangu bado anafundisha. Juzi kwenye sherehe ya familia alimwona binti yetu akiwaomba watoto njia kwa dirisha la pikapu, akawageukia wageni na kusema, "Huyo nimemfundisha mimi. Mnaona adabu hiyo?"

Mke wangu aliweka sahani yake chini akatoka nje.