Mvua Ile Haikuwa Kubwa

Nyuma ya majengo tunamoishi, pembezoni mwa Thamesmead, hapa London, pana mteremko wa nyasi na vichaka ambao uliungua kiangazi hiki. Moto ulianza mchana, watu wakiwa wamefungua madirisha kwa joto, na wazima moto walipoondoka mteremko ulikuwa mweusi kuanzia kwenye miti ya juu hadi kwenye nyua za nyumba za chini. Majivu yaliingia sebuleni mwangu. Niliyafuta kwa hasira ya kawaida ya mzee aliyestaafu, lakini harufu iliyofuata, ile ya mzizi unaoendelea kuungua chini ya udongo, ilinikalisha kitini. Nilikuwa naijua. Niliinusa utotoni, katika milima ya Uluguru, nyumbani kwa bibi yangu mzaa mama.

Ofisi ya nyumba ilimtuma kijana mmoja mstaarabu kuzungumza na wapangaji. Nilimweleza kwamba mlima ulioungua hauzuii maji, na kwamba wanaoishi chini yake wapewe mahali pengine mpaka nyasi ziote. Alinijibu kwa heshima kwamba mvua iliyotabiriwa ni nyepesi, na kwamba hoja yangu imepokelewa. Jirani yangu wa ghorofa ya chini, mjane kutoka Pemba ambaye hutunza wazee majumbani mwao, alinicheka pia.

"Kilima gani hichi, mzee wangu? Kwetu Pemba kuku hukipanda hana hata jasho."

Nimetumikia ofisi za umma maisha yangu yote ya kazi, kwanza nyumbani na baadaye hapa London, na nimejifunza kwamba tukio likielezwa vibaya mara ya kwanza hujirudia. Kwa hiyo, msomaji wangu, niruhusu nilieleze la utotoni kwa utaratibu wake.

Nyumba ya bibi ilikuwa juu ya kigongo, mahali ambapo ukungu uliingia jikoni asubuhi bila kubisha hodi. Tuliamshwa na mlio wa kinu na harufu ya magimbi yaliyofukiwa kwenye majivu ya moto. Kazi yetu watoto ilikuwa kuteka maji na kukusanya majani makavu ya migomba, tukayapeleka kijitoni kwa mfinyanzi, ambaye aliyatumia kuchomea vyungu vyake. Mama huyo aliishi kule bondeni peke yake kwa sababu udongo mzuri ulikuwa huko. Tulimwita jirani, ingawa kumfikia kulitetemesha magoti. Moto wa bibi ukizimika, kaa la kuuwashia lilitoka kwake. Chumvi ya mfinyanzi ikiisha, ilitoka kwetu.

Kila mwaka, kabla ya vuli, mfinyanzi alimletea bibi chungu kipya. Chungu hicho hakikupikiwa kwanza. Matone ya kwanza yakianguka, bibi alikitoa akakiweka katikati ya uwanja, nasi tukasimama kukizunguka, vichwa wazi, mpaka nguo zikashikamana na migongo. Hakuna aliyeruhusiwa kuingia ndani wala kulinung'unikia tone hata moja. "Mvua haikimbiwi," bibi alisema. "Mgeni hupokelewa uwanjani." Mvua ikikatika, kila mmoja alipewa funda moja. Maji yale yalikuwa na ladha ya udongo mpya na moshi, na mpaka leo sijapata kinywaji cha kufanana nayo.

Sasa naufikia moto. Mwaka mmoja, ofisa wa misitu aliagiza mteremko ulio juu ya kijito uchomwe ili upandwe miti ya mbao. Wazee walimwomba asubiri upepo utulie. Alisema ratiba yake haisubiri upepo. Moto ukawashinda wachomaji, ukala mteremko mzima, vichaka na mizizi, ukafa ulipofika kwenye mawe ya kijitoni. Ulipopoa, sisi watoto tuligundua mchezo: tulimwaga maji juu ya udongo ule, nayo hayakuzama. Yalijikusanya kama matone juu ya jani la gimbi, kisha yakakimbia kuteremka, nasi tukakimbizana nayo. Tulicheka sana. Hakuna mtu mzima aliyetuuliza tulikuwa tukicheka nini.

Jioni moja mfinyanzi alipanda kwetu akihema. Alimwambia bibi kwamba mlima umebaki uchi na kwamba kila akiutazama moyo wake unakataa. Aliomba alale kwetu mpaka majani yaote.

"Vyungu vyako atavilinda nani, vyura?" bibi akamjibu. "Shoga yangu, hujakimbia mvua maisha yako yote. Uanze uzeeni?"

Wakacheka wote wawili. Mfinyanzi alikula maharage yetu, akafunga kanga yake vizuri, akateremka.

Vuli ilianza alasiri, kwa upole. Bibi alikitoa chungu. Tukiwa uwanjani tulimwona mfinyanzi kule chini naye akiweka chungu chake nje. Aliinua mkono kutusalimu, bibi akainua wake. Mvua ilikuwa ya kawaida, ya kulainisha udongo wa kupandia maharage. Ndipo tukasikia sauti kutoka upande wa mteremko, kama mawe mengi yanayosagwa pamoja. Kijito kiligeuka cheusi na kizito kama uji wa ulezi, kikibeba visiki vilivyoungua. Bibi aliita jina la shoga yake. Sijui kama lilifika. Matope yalipotulia, kilichoonekana ni kipande cha paa, nacho hakikuwa mahali nyumba ilipokuwa.

Baada ya mazishi ofisa aliitisha baraza. Alitoa pole, akasema kwamba imenyesha mvua kubwa isiyo na mfano, na kwamba mbele ya kazi ya Mungu binadamu hana la kufanya. Watu waliinamisha vichwa. Maneno hayo yalikuwa mepesi kuyabeba kuliko mengine. Bibi aliondoka katikati ya hotuba. Aliporudi alikuwa na chungu kichwani, kile kile, ambacho safari hii hakuna aliyekinywea. Alikitua mbele ya ofisa.

"Bwana, hii ndiyo mvua yote ya siku ile. Chungulia."

Ofisa alichungulia. Maji hayakufika hata nusu ya chungu.

"Mvua ile haikuwa kubwa," bibi akasema. "Mlima umeuchoma wewe. Na mimi ndimi niliyemwambia abaki. Tusemane sisi. Mvua msiisingizie."

Ofisa alimshukuru, akaendelea na hotuba yake. Hata sasa, watu wa kwetu wakilitaja tukio hilo husema mwaka wa mvua kubwa, na kila ninaposikia hivyo damu yangu huchemka. Naomba kumbukumbu irekebishwe. Haikuwa kubwa.

Bibi hakuweka tena chungu uwanjani. Mwaka uliofuata vuli ilipoanza alibaki amekaa mlangoni, mikono mapajani, nasi hatukujua kama tutoke au tuingie. Hakuna aliyerithi kazi ya ufinyanzi; mitungi ya maji ikavunjika mmoja mmoja, zikaja ndoo za plastiki. Nilipokwenda mara ya mwisho, kijito kilikuwa kimehamia upande wa pili, na vijana waliozaliwa hapo hawakujua kwamba palikuwa na nyumba. Niliwaonyesha kwa kidole. Walitazama kwa adabu.

Jana jirani yangu wa chini alinigongea mlango. Hakuwa na mzaha safari hii.

"Mzee wangu, nambie kweli. Binti yangu wa Barking ataka nende kwake, na yule kijana wa ofisi kasema manyunyu tu. Hiyo mvua ni kubwa?"

"Hapana," nikamwambia. "Si kubwa."

Akashusha pumzi. Nami nikavaa koti, nikashuka naye hadi kwake, nikamngoja afunge madirisha, kisha nikamchukulia mkoba wake mpaka kituo cha basi la Barking. Alinifuata. Manyunyu yalianza tukiwa bado tunalingoja basi. Mwavuli nilikuwa nao, sikuufungua.